Lugha ya Skrini na Mwanafunzi Anayeanza: Istilahi na Sarufi katika Ujifunzaji wa Programu za Kazi za Ofisi, kwa Kurejelea Mazingira ya Babati

1.0 Utangulizi

Katika mijadala inayohusu ufundishaji wa kompyuta nchini Tanzania imezoeleka kudhani kwamba ugumu anaoupata mwanafunzi anayekutana kwa mara ya kwanza na programu za kazi za ofisi, yaani programu za kuandikia nyaraka, za lahajedwali na za kutayarishia maonyesho, unatokana na mambo mawili: uchache wa mashine na uchache wa walimu. Mambo hayo ni ya kweli na hayahitaji kubishaniwa. Lakini yakishatatuliwa, mashine zikawepo na mwalimu akawepo, mwanafunzi hubaki ameketi mbele ya skrini, na skrini hiyo ni matini. Ina vitenzi, nomino, sentensi zenye kuonya na sentensi zenye kuuliza. Asiyeielewa matini hiyo hukariri mahali pa kubofya, na siku mahali hapo panapobadilika huwa hajui kitu.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sehemu ya ugumu huo ni ya kiisimu, na kwamba kazi ya tafsiri iliyokwisha fanywa, ingawa ni ya kuheshimiwa, ilishughulikia zaidi msamiati na kuiacha sarufi ijitafutie njia. Mifano inaelekezwa kwenye mazingira ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Babati imechaguliwa kwa sababu inayojulikana vyema na wanaisimu. Katika eneo hilo hukutana lugha za Kikushi (Kigorowa na Kiiraqw), za Kibantu (Kirangi na Kimbugwe) na ya Kiniloti (Kidatooga). Kijana anayetoka Galapo, Magugu au Bonga na kuingia katika darasa la kompyuta mjini, au katika Chuo cha Ualimu Mamire wilayani humo, aghalabu ana lugha ya nyumbani, ana Kiswahili alichosomea shule ya msingi, na ana Kiingereza alichoanza kukitumia kama lugha ya kufundishiwa katika kidato cha kwanza. Skrini humsemesha kwa hiyo ya tatu.

2.0 Usuli kwa ufupi

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matatizo yaliyofuata katika uhasibu wa serikali yalichangia katazo la mwaka 1974 la kuingiza kompyuta nchini, katazo lililokuja kulegezwa baada ya miaka mingi. Kwa hiyo kizazi kizima cha wasomi na makarani kilikua bila kifaa hicho, na lugha yake ikaja baadaye kwa mkupuo, ikiwa tayari imeumbwa kwingine. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003.

Mwaka uliofuata, 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya OpenOffice.org. Katika mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza nia ya kutafsiri Windows na Office kwa Kiswahili, na vifurushi vya kiolesura vikafuata. Katika kazi hizi ndimo yalimoenea maneno ambayo leo hayamshangazi msomaji: hariri, nakili, bandika, chapisha, tendua, umbizo, upauzana, lahajedwali, chaguo-msingi. Yako pia yaliyopingana, kama vile kompyuta na tarakilishi, au nywila na nenosiri. Lakini ushindani wa aina hiyo huwasumbua wanakamati zaidi kuliko wanafunzi. Anayeanza hashindwi na kuwapo kwa visawe viwili. Anashindwa na neno moja analolijua lakini ambalo skrini imelipa maana nyingine.

3.0 Mwanafunzi hasomi, anatenda

Kabla ya kuingia katika lugha yenyewe, inafaa kukumbuka jambo moja lililothibitishwa na watafiti wa ujifunzaji wa programu. John M. Carroll na Mary Beth Rosson, katika makala yao ya mwaka 1987, walieleza kitendawili cha mtumiaji mtendaji: mtu anayejifunza programu hataki kusoma mwongozo hata kama kusoma kungemwokolea muda, kwa kuwa ana kazi anayotaka imalizike, na anapotenda, hutumia ujuzi alionao wa mambo mengine kufasiri jambo jipya, hata pale ujuzi huo unapompotosha. Awali, mwaka 1984, Carroll na Caroline Carrithers walikuwa wamejaribu njia waliyoifananisha na magurudumu madogo ya pembeni yanayomsaidia mtoto anayejifunza baiskeli. Walizifunga amri za juu za programu ya kuandikia ili anayeanza asiweze kuangukia humo. Waliojifunza kwa programu hiyo iliyopunguzwa walimaliza kazi upesi zaidi na wakaielewa programu vizuri zaidi kuliko waliopewa programu nzima.

Baadaye Carroll aliandika kitabu alichokiita The Nurnberg Funnel (1990), jina linalotokana na hekaya ya Kijerumani ya faneli ambayo kwayo elimu ingeweza kumiminwa kichwani mwa mwanafunzi kama mafuta ya taa katika chupa. Hoja yake ni kwamba faneli hiyo haipo. Mwongozo unaofaa ni mfupi, unaanza na kazi halisi, na unamsaidia msomaji kujinasua anapokosea.

Matokeo haya yana maana kubwa kwa mwanaisimu. Ikiwa anayeanza hufasiri jambo jipya kwa ujuzi alionao, basi kila neno la kiolesura huamsha ujuzi fulani. Swali la mwundaji istilahi haliwezi kuishia kwenye usahihi wa neno. Inambidi aulize pia ni ujuzi gani utakaoamshwa na neno hilo katika kichwa cha kijana wa Babati.

4.0 Faili lisilo faili

Mfano ulio bora ni wa neno faili. Neno hili limekuwapo katika Kiswahili cha ofisi tangu zamani, na mtafsiri wa kiolesura alilipokea bila shaka yoyote. Lakini katika masjala za Tanzania faili ni jalada: gamba lenye namba, ambalo ndani yake hupachikwa barua nyingi, kila moja na namba yake ya folio. Karani haandiki faili. Huandika barua, kisha huiweka katika faili. Kwenye kompyuta mambo yamepinduka. Faili ni barua moja tu, na kile ambacho karani angekiita faili kinaitwa folda au kabrasha.

Chukulia mwanafunzi wa uhazili, wa kuwaziwa lakini si wa ajabu, anayeambiwa afungue faili jipya kwa kila barua. Kwa kufuata mantiki ya masjala atafungua faili moja na kuandika barua zote humo, moja chini ya nyingine, na atakuwa na haki kabisa kwa mujibu wa lugha yake. Mwalimu atamwona mzito wa kuelewa. Tatizo lingeepukwa kama menyu ya kwanza ingeitwa Waraka, na folda ikaitwa Jalada, neno ambalo ofisi za serikali hulitumia kila siku kwa maana hiyohiyo. Sitiari ya ofisi juu ya skrini, iliyotokana na mashine ya Xerox Star ya mwaka 1981, iliazimwa kutoka katika ofisi za Marekani. Kiswahili kina ofisi zake, na sitiari ingeweza kuazimwa humo.

Jambo la hifadhi ni zito zaidi kwa kuwa hugharimu kazi ya mtu. Aliyezoea daftari anajua kwamba alichoandika kimekwisha andikwa. Aliyezoea simu anajua kwamba ujumbe uliotumwa unabaki simuni bila kuambiwa ubaki. Wote wawili hawana sababu yoyote ya kudhani kwamba maneno wanayoyaona kwenye skrini bado hayajawekwa mahali, na kwamba umeme ukikatika yatapotea. Neno hifadhi linaeleza tendo lakini halielezi hatari. Ni kweli kwamba programu za mtandaoni siku hizi hujihifadhia zenyewe, lakini zinahitaji intaneti ya kudumu, na darasa lisilo nayo hurudi kwenye hali ya zamani.

5.0 Kitenzi kisichojitambulisha

Amri za kiolesura ni vitenzi katika hali ya kuamuru. Vitenzi vya asili ya Kibantu huishia na -a, lakini vile vyenye asili ya Kiarabu havina kiishio hicho, na kwa sababu hiyo umbo lao la kuamuru mara nyingi hulingana na nomino. Katika sentensi tofauti hiyo hujitokeza yenyewe. Kwenye kitufe, ambapo neno limesimama peke yake, haijitokezi.

Neno Hifadhi ni mfano. Kwa mkazi wa Babati, kwanza kabisa hifadhi ni Tarangire, Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1970, ambayo kibao chake kinaonekana katika barabara kuu ya kwenda Arusha. Neno Hariri ni kitambaa cha thamani kabla ya kuwa kazi ya mhariri. Hata Kata, ingawa ni la Kibantu, katika maisha ya raia ni eneo la utawala lenye ofisi na diwani. Haidaiwi hapa kwamba mwanafunzi ataamini kompyuta inamzungumzia diwani. Kinachodaiwa ni kwamba neno pweke linamwachia kazi ya kutambua aina yake, na kazi hiyo inajirudia kwa kila kitufe. Dawa ni nyepesi: kitenzi kipewe yambwa. Hifadhi waraka, Kata maneno, Hariri jedwali: kila kimoja kinajieleza. Nafasi ya vitufe ni finyu na maneno ya Kiswahili ni marefu, lakini katika menyu zinazokunjuka nafasi haikosekani.

Kata lina kasoro nyingine. Katika programu, kilichokatwa hakitupwi; kinashikiliwa hadi kibandikwe pengine. Mwanafunzi anayekiona kimetoweka hudhani amekifuta. Hamisha lingetaja kusudi badala ya mkasi.

Kwa upande mwingine lipo neno lililofanikiwa, na mafanikio yake yanastahili kuchunguzwa. Tendua limeundwa kwa kiambishi cha kutendua, kilekile kinachotoa fungua kutoka funga, kunjua kutoka kunja na bandua kutoka bandika. Mtoto wa darasa la tatu anajua, bila kujua kwamba anajua, kwamba -u- hiyo hurudisha nyuma jambo lililofanyika. Kwa hiyo Tendua hujifundisha lenyewe. Hata kijana ambaye lugha yake ya nyumbani ni ya Kikushi amekwisha kuipata kanuni hiyo kupitia Kiswahili cha shule. Ni ajabu kwamba njia hii ya uundaji haikutumiwa zaidi, hali iko tayari katika mofolojia na haihitaji mkopo wowote.

Ghairi, lililochaguliwa kwa kitufe cha kuacha, ni neno sahihi mno. Maana yake ni kubadili nia, na ndivyo hasa mtumiaji anavyofanya. Lakini ni neno la msomi na la mtu wa pwani. Acha lingetosha.

6.0 Upatanisho: pale tafsiri inapovunjika

Hapa ndipo penye tatizo la msingi, na ndipo wataalamu wa kompyuta walipowaachia wanaisimu deni bila kulitaja. Programu huhifadhi ujumbe mmoja wenye nafasi tupu, kisha hujaza nafasi hiyo kwa nomino inayohusika wakati wa kutumika. Katika Kiingereza kitenzi hakibadiliki kwa kufuata ngeli, kwa hiyo sentensi moja hutumikia nomino zote. Katika Kiswahili mtafsiri hulazimika kuchagua kiambishi kimoja bila kujua nomino itakayokuja. Akichagua i-, mtumiaji atasoma Picha imefutwa, ambayo ni sahihi, halafu Ukurasa imefutwa, Jedwali imefutwa, Kielelezo imefutwa. Ilipasa kuwa Ukurasa umefutwa, Jedwali limefutwa, Kielelezo kimefutwa.

Mfumo wa gettext, unaotumiwa sana katika programu huria, unaruhusu umoja na wingi kutofautiana, jambo linaloonyesha kwamba waundaji wake walikumbuka lugha zenye aina nyingi za wingi. Ngeli hazikuzingatiwa. Kosa hilohilo liko katika kivumishi -pya, ambacho katika menyu kimegandishwa kuwa Mpya bila kujali kama kinachotakiwa ni waraka, jedwali au kitabu cha kazi.

Inaweza kusemwa kwamba mwanafunzi ataelewa tu. Ataelewa, lakini kwa gharama mbili. Kwanza, atajifunza kwamba Kiswahili cha mashine ni Kiswahili kibovu, na kwa hiyo Kiingereza ndicho lugha yake ya haki; fikra hiyo ikishaota mizizi, kazi yote ya tafsiri imeharibika. Pili, upatanisho ni chombo cha maana. Msomaji wa Kiswahili hutegemea kiambishi kujua ni kitu gani kati ya viwili kinachozungumziwa, na kiambishi kisichoaminika humpotezea mwongozo huo hasa wakati wa kosa, anapouhitaji zaidi.

Suluhisho lipo ndani ya sarufi yenyewe. Kitenzi-jina kina upatanisho wake, ku-, usiotegemea nomino inayofuata. Ujumbe Kufuta kumekamilika, ukifuatiwa na nukta mbili na jina lolote, ni sahihi daima. Vivyo hivyo kiambishi i- kisichorejelea nomino: Imeshindikana kufungua, kisha jina. Na badala ya Mpya lipo Anzisha, linalopokea waraka, jedwali na kitabu kwa usawa. Kanuni inayotakiwa ni moja: mtafsiri asiandike sentensi ambayo kiima chake hakijui.

Yako pia maswali. Baadhi ya programu, zinapofungwa, huuliza kama mabadiliko yatupwe, na jibu la Ndiyo hupoteza kazi. Hatari huongezeka swali linapotafsiriwa kwa ukanushi. Anayeulizwa Hutaki kuhifadhi? akajibu Ndiyo, katika Kiswahili amekubali kwamba hataki; katika Kiingereza angetarajiwa kusema hapana. Mwanafunzi aliyeishi na lugha hizi mbili shuleni anaweza kujibu kwa sarufi ya hii akiwa anasoma ile. Vitufe vyenye vitenzi, yaani Hifadhi na Usihifadhi, huondoa utata wote.

7.0 Herufi za mkato na fomula

Suala la vitufe vya mkato ni dogo lakini hufichua mengi. Herufi S pamoja na kitufe cha Ctrl huhifadhi waraka kwa sababu kitenzi cha Kiingereza huanza na S. Kwa anayesoma Hifadhi, S haina maana yoyote na hubakia kukaririwa. Word ya Kihispania ilichukua njia nyingine: G huhifadhi, kwa ajili ya guardar, na N hukoza herufi, kwa ajili ya negrita. Excel nayo hujumlisha kwa SOMME katika Kifaransa, SUMME katika Kijerumani na SUMA katika Kihispania. Kwa Kiswahili njia hiyo haishauriwi. Mwanafunzi wa Babati atatumia mashine ya Kiingereza leo na ya Kiswahili kesho, na mkono uliojifunza herufi mbili tofauti utakosea kote kuwili. Afadhali herufi zibaki kama zilivyo na ziandikwe kando ya amri ya Kiswahili.

8.0 Simu kama mwalimu

Wakati darasa la kompyuta likiendelea kwa Kiingereza, jamii nzima ilijifunza programu nyingine bila darasa. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na menyu zake husomwa kwa Kiswahili. Mfugaji mnadani hutuma na kupokea fedha kwa kufuata orodha fupi zenye namba, na anafahamu kwamba kabla fedha haijaondoka ataombwa athibitishe kwa namba ya siri. Menyu hizo zinataja kazi anayotaka kuifanya mtu, kama kutuma, kutoa au kulipa. Zina machaguo machache kila hatua. Na hatua ya hatari imewekewa kizuizi. Hizo ndizo sifa alizozipendekeza Carroll, zikiwa zimefikiwa kwa njia nyingine kabisa.

Isidhaniwe kwamba menyu ya simu inaweza kubeba programu ya kuandikia. Kazi zake ni nyingi mno. Lakini somo la kwanza linaweza kupangwa kwa mfano huo. Mwanafunzi apewe amri nane au tisa tu, kwa Kiswahili, zikiwa zimefungamana na kazi moja kamili, kama vile kuandika barua ya kuomba kazi, kuihifadhi, kuifungua tena na kuichapisha. Nyinginezo zifichwe, programu nyingi za ofisi huruhusu menyu na pau za zana kupunguzwa bila utaalamu wowote.

9.0 Pingamizi la Kiingereza

Wako wanaosema kwamba mtihani na ajira ni vya Kiingereza, na kwa hiyo kiolesura cha Kiswahili humchelewesha kijana. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kujibiwa kwa uzalendo. Mwajiri wa Arusha hatamwuliza kama anajua maana ya umbizo.

Hata hivyo pingamizi linachanganya dhana na lebo. Dhana za waraka na jalada, za nakala iliyo kwenye skrini na nakala iliyohifadhiwa, za seli na fomula, hujifunzwa mara moja. Lebo huongezwa baadaye kwa siku chache. Hivi ndivyo walimu wenyewe wanavyofanya bila sera yoyote. Skrini ni ya Kiingereza, lakini maelezo ni ya Kiswahili, na vitenzi vimekwisha pewa viambishi: kusevu, kukopi, kupesti, kuprinti. Wanaochukizwa na maneno haya wangefaa kuyasikiliza kwanza, maana yanaonyesha ni dhana zipi ambazo mwanafunzi amezishika kiasi cha kuzinyambua. Kinachokosekana ni karatasi moja ya safu mbili, Kiswahili na Kiingereza, iliyobandikwa kando ya kila mashine, yenye amri hizo nane au tisa.

Kazi ya utafiti iliyo mbele ni ya aina mbili. Ya kwanza ni kupima istilahi kwa watumiaji kabla ya kuzisanifisha, na kuzipima mahali kama Babati, ambako Kiswahili ni lugha ya wote na kwa wengi si lugha ya mama. Neno likieleweka huko, halitashindwa Zanzibar. Ya pili inamfaa mwanafunzi wa uzamili mwenye subira. Matini za kiolesura za LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice.org mwaka 2010, zina toleo la Kiswahili cha Tanzania, na ziko wazi kwa yeyote kuzisoma na kupendekeza marekebisho. Aanze na sentensi zote zenye nafasi tupu, azipange kwa viambishi vya upatanisho vilivyotumika, na ahesabu ni ngapi zinaweza kuandikwa upya kwa ku- au kwa i- isiyorejelea nomino.